Nyaraka za msimbo wa programu

Nyaraka za msimbo wa programu ni maandishi yanayoeleza jinsi programu ya kompyuta ilivyojengwa na sababu za kujengwa hivyo. Husomwa hasa na wasanidi wapya wanaojiunga na mradi mkubwa, ambao msimbo wake umeandikwa na watu wengi kwa miaka mingi.

Mfano wa Afrika Mashariki

Mfano mmojawapo ni OpenMRS, programu huria ya kutunza kumbukumbu za wagonjwa. Mradi huo ulianzishwa mwaka 2004, na programu ilianza kutumika Eldoret, Kenya, mwaka 2006. Imeandikwa kwa lugha ya Java na wasanidi wake wanatoka nchi mbalimbali.

Msanidi mgeni akitafuta safu ya uzito katika jedwali la wagonjwa hataiona. Uzito, joto la mwili na majibu ya maabara huhifadhiwa katika jedwali moja, na kila mstari hurejelea dhana iliyomo katika kamusi ya mfumo. Kwa njia hiyo hospitali inaweza kuongeza kipimo kipya bila kubadilisha muundo wa hifadhidata. Vilevile, taarifa inayofutwa kwa kawaida haiondolewi, bali huwekewa alama kuwa imebatilishwa. Asiyejua hilo anaweza kutengeneza ripoti inayohesabu hata taarifa zilizobatilishwa, na kliniki ikaagiza dawa kwa idadi isiyo sahihi. Ukurasa mmoja wa maelezo unatosha kumwepusha na kosa hilo.

Faida

Mwaka 1975 Frederick Brooks wa Marekani alieleza kwamba kuongeza watu katika mradi uliochelewa huuchelewesha zaidi, kwa kuwa wenyeji huacha kazi ili kuwafundisha wageni. Nyaraka nzuri hupunguza mzigo huo, kwani swali linaloulizwa na kila mgeni hujibiwa mara moja tu.

Mipaka

Nyaraka zisizosasishwa hupotosha, maana msimbo hubadilika nazo hubaki zilivyo. Mwaka 1985 Peter Naur wa Denmark alidai kwamba uelewa wa programu umo vichwani mwa waliyoitunga, wala hauwezi kuandikwa wote. Kwa hiyo nyaraka humsaidia mgeni kujifunza haraka zaidi zinapoeleza sababu za maamuzi, zinaposahihishwa pamoja na msimbo, na anapokuwa na mwenyeji wa kumwuliza.