Binti anayeumwa kila mwezi bila kuona hedhi: tumpeleke hospitali mapema

Ndugu wajumbe wa kamati za sharika na wafadhili wetu wapendwa,

Katika ziara zetu sharikani akina mama wametuuliza swali hili: binti amekua, matiti yametoka, lakini hajaona hedhi hata mara moja. Kila mwezi huumwa tumbo la chini siku kadhaa, kisha hupata nafuu. Wengine husema amerogwa. Tumbo likianza kuvimba, hushukiwa kuwa ni mjamzito. Sisi si madaktari, ila tumeona ni vema tueleze jambo hili.

Tatizo ni nini?

Mfuko wa uzazi na shingo yake huumbika mtoto akiwa bado tumboni mwa mama, kutokana na mirija miwili inayoungana. Mara chache sana shingo hiyo haiumbiki, au huumbika bila njia. Si kosa la mama wala la binti. Ovari zake huwa nzima, ndiyo maana hukua kama wenzake. Akivunja ungo, damu hukosa pa kutokea, hujaa ndani na kurudi kwenye mirija. Ikiachwa muda mrefu, huweza kuharibu viungo vya uzazi.

Matibabu yake

Kwanza ni kujua kizuizi kiko wapi. Mara nyingi zaidi ni kizinda kisicho na tundu, na upasuaji wake ni mdogo. Lakini ikiwa ni shingo ya kizazi, kazi ni kubwa. Daktari bingwa hupima kwa ultrasaundi, na kwa MRI inapopatikana. Hutazama na figo, kwa kuwa nazo huweza kuwa na kasoro. Dawa za kusimamisha hedhi hutuliza maumivu wakati upasuaji unapangwa.

Katika upasuaji, njia hufunguliwa au mfuko wa uzazi huunganishwa na uke. Mara nyingi mpira mwembamba huachwa ndani kwa muda ili njia isizibe. Wapo waliopata watoto baadaye. Hata hivyo njia huweza kuziba tena, na maambukizi huweza kuua. Kwa baadhi, hasa shingo isipokuwepo kabisa, madaktari hulazimika kuondoa mfuko wa uzazi. Kwa hiyo asikubali mtu kumtoboa binti nyumbani, wala kumpasua kabla ya vipimo.

Tunaomba sharika zifanye nini?

1. Binti aliyefika miaka 15 bila hedhi, au mwenye maumivu ya kila mwezi kabla ya hapo, apelekwe hospitali. Akihitaji rufaa, apelekwe hospitali kubwa kama KCMC, Bugando au Muhimbili.

2. Mfuko wa diakonia usaidie nauli na malazi ya binti na mama yake, pamoja na safari za kurudi kliniki. Wengi hukwama hapo.

3. Jina lake na ugonjwa wake visitajwe kwenye kikao wala kwenye harambee. Katika hesabu iandikwe "matibabu", inatosha. Wafadhili nao tunawaomba waridhike na hilo.

4. Wazazi waelezwe yote kabla ya kutia sahihi, na binti mwenyewe asikilizwe.

Binti akiwahi hospitali, madaktari huwa na njia zaidi za kumsaidia. Tusimcheleweshe kwa aibu yetu.

Mungu awabariki.