Kabla ya kuapa tena, lipa deni la mwaka jana

MWAKA unapokwisha, katika nyumba nyingi za mjini watu huketi wakapiga hesabu ya siku zilizopita, kisha wakaapa. Huyu ataacha sigara, yule atanunua ploti, na mwanafunzi naye huahidi kwamba hisabati haitamshinda tena. Kufikia wiki ya tatu ya Januari, karo ikishalipwa na mfuko ukabaki mtupu, viapo hivyo huwa vimesahaulika.

Mimi ni mmoja wa waapaji hao. Majuzi nilipokuwa nikipanga kabati, niliyakuta madaftari yangu matatu ya miaka iliyopita, nikaketi kitandani kuyasoma. Katika la kwanza nilikuwa nimeandika kwa wino mwekundu: "Kumpeleka mama kwa daktari wa macho." Nikacheka. La pili nalo lilikuwa na maneno yayo hayo. Nilipolifungua la tatu na kuyakuta tena, kicheko kiliniisha.

Mama anaishi Machakos, kilomita zipatazo 65 tu kutoka Nairobi. Anaugua mtoto wa jicho, maradhi ambayo lenzi iliyo ndani ya jicho huingia ukungu polepole hadi mtu asione. Ndiyo yanayopofusha watu wengi zaidi ulimwenguni, ilhali tiba yake yajulikana: daktari huiondoa lenzi hiyo na kuweka nyingine ya kutengenezwa, na mara nyingi mgonjwa hurudi nyumbani siku iyo hiyo.

Krismasi iliyopita binti yangu, ambaye ni wajina wa nyanya yake, alimpa zawadi ya leso. Mama akalipapasa pindo lake kwa vidole, kisha akauliza, "Ni ya rangi gani hii, wajina?"

Hakuna aliyemjibu upesi.

Sababu ninazo, bila shaka. Mwaka wa kwanza ilikuwa karo. Wa pili, kodi ya nyumba ilipanda. Lakini katika daftari la tatu, kurasa chache baada ya ahadi ile, nimeandika bei ya runinga kubwa niliyonunua mwezi wa Juni ili nitazame kandanda vizuri. Nilipomwonyesha mke wangu, hakunigombeza. "Pesa zilikuwapo, Baba watoto," alisema. "Siku ndiyo hukuiweka."

Wenzetu wa Makunduchi, kisiwani Unguja, wana desturi yao. Katika sherehe ya Mwaka Kogwa, ambayo huwa mwezi wa Julai na asili yake ni Nairuzi ya Uajemi, wanaume hupigana kwa mashina ya migomba ili kinyongo cha mwaka mzima kiishie uwanjani. Kibanda cha makuti huchomwa moto, kisha ndipo watu wanapokula na kuimba. Mimi sijafika huko, lakini mpangilio huo umenipendeza. Ya kale humalizwa kwanza.

Hata mwanafunzi asemaye, "Mwaka huu nitapita hisabati," bado hajasema kitu. Azitoe karatasi za mtihani wa muhula uliopita, hata kama zinamtia haya, atafute ni mada gani hasa iliyomwangusha. Je, ni aljebra, au ni zile hesabu za maneno? Kisha aamue atamwona mwalimu siku gani. Mzazi naye asimkaripie kabla hajafungua daftari lake mwenyewe. Huenda akakuta runinga humo.

Kwa hivyo mwaka huu sikuandika orodha. Nimeandika jambo moja, lile lile la wino mwekundu, na mbele yake nikaweka tarehe. Ruhusa nimeomba kazini, na nauli iko ndani ya bahasha juu ya kabati.

Juzi nilimpigia mama simu, nikamwambia awe tayari Alhamisi ijayo saa kumi na mbili asubuhi. Alinyamaza kidogo. Kisha akaniuliza kama ni kweli, au ni kama mwaka ule mwingine.