Rekodi somo, usirekodi watoto

Alfajiri ya Minago, hapa kwetu Burundi, huanzia ziwani. Mitumbwi iliyokesha na taa zake inarudi, ndagala inamwagwa, na kina mama pamoja na watoto wao wanaianika kabla jua halijakolea. Mtoto wa darasa la tisa mwenye kipindi cha Kiingereza kwenye simu saa mbili asubuhi hawezi kuiambia ndagala imsubiri. Anaingia amechelewa dakika ishirini na mikono bado ina magamba. Anasikia nusu ya maelezo, mtandao unakatika, na akirudi anawakuta wenzake wameshafika kwenye zoezi.

Nafundisha Kiingereza kwa njia hiyo kila Jumamosi, watoto wa mwambao kuanzia Minago hadi Rumonge mjini. Wazazi huniuliza kama narekodi. Zamani nilijibu bila kufikiri kwamba narekodi kila kitu. Jibu langu limebadilika, na lilibadilika kwa gharama ambayo hakuilipa mwalimu, aliilipa mtoto.

Kwanza nieleze kwa nini jambo hili bado halina desturi kwetu. Mwaka 2020, korona ilipoingia, Burundi ilikuwa miongoni mwa nchi chache sana duniani ambazo hazikufunga shule. Tanzania ilifunga Machi na kufungua Juni mwaka huohuo, Kenya ikarudisha wanafunzi wote Januari 2021, na Uganda haikufungua kikamilifu hadi tarehe 10 Januari 2022. Walimu wa nchi hizo walisukumwa mtandaoni wakajifunza huku wakiumia. Kwetu darasa la mubashara limeingia kwa mlango wa uani: kundi la WhatsApp la mwalimu wa ziada kabla ya mtihani wa taifa, mjomba aliyeko Kanada anayewafundisha wapwa zake hisabati jioni. Hakuna mkuu wa shule aliyekaa na wazazi akaandika masharti. Kila mmoja anabonyeza kitufe cha kurekodi anavyoona.

Na sababu za kukibonyeza zina uzito. Tupige hesabu, maana huku mega zinanunuliwa kwa fedha ya samaki. Video ya kawaida ikipita kwa kilobiti 500 kwa sekunde, saa moja inakula megabaiti 225. Sauti ya mtu mmoja inasikika vizuri kabisa kwa kilobiti 24, yaani saa nzima haifiki megabaiti 11. Dakika 25 za maelezo ni kama megabaiti nne na nusu. Faili ya namna hiyo, ikiambatana na picha tatu nne za ubao, mtoto anaipokea usiku kwenye simu ya kaka yake, na jirani asiye na mega anapewa kwa Bluetooth bila kulipa chochote. Kwa hiyo anayesema rekodi ni anasa ya watoto wa mjini amekosea. Mwenye umeme wa uhakika na meza yake ya kusomea ndiye anayeweza kuishi bila rekodi. Wa Minago ndiye anayeihitaji.

Kuna pia faida ya lugha, ambayo mimi mwalimu wa lugha naiona kwa karibu. Shule zetu za msingi zinafundisha lugha nne: Kirundi, Kifaransa, Kiingereza na Kiswahili. Mtoto anayekutana na Kiingereza akiwa tayari amebeba tatu nyingine anahitaji kusikia sauti ileile mara tano, mara kumi, peke yake, bila mtu kumtazama mdomoni. Darasani siwezi kumrudia mara kumi. Rekodi inaweza, na haichoki.

Basi ilikuwaje nikabadilika? Jumamosi moja nilirekodi kipindi kizima, kamera zote zikiwa wazi. Msichana mmoja alisoma aya, akakwama kwenye neno, akalitamka kwa namna iliyowachekesha wenzake. Nyuma yake, ndani ya fremu ileile, mama yake alikuwa akibishana na mtu aliyefika kumdai. Niliituma video kwenye kundi kwa nia njema, ili walioukosa mtandao wasipitwe. Mmoja wao akakata sekunde kumi na tano tu, kicheko na deni pamoja, akazisambaza. Kufikia Jumatatu zilikuwa zimefika sokoni. Nilifuta faili yangu, nikaomba radhi nyumbani kwao, na wakanipokea kwa heshima nisiyostahili. Lakini nakala zilizokuwa kwenye simu za watu sikuwa na uwezo nazo. Yule mtoto aliendelea kuingia darasani, kila Jumamosi, maikrofoni imefungwa. Sauti yake sikuisikia tena kwa mwezi mzima.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba darasa la mubashara lina vitu viwili vilivyoshikana. Kuna maelezo, ambayo ni ya mwalimu, naye amejiandaa kuyasema. Na kuna mazungumzo, ambayo ni ya watoto, na kwa kweli yamejengwa na makosa: kubahatisha, kutamka vibaya, kuuliza ambacho wengine wameshakielewa. Kwenye darasa la matofali kosa linasemwa, linasahihishwa, linapotea hewani. Likirekodiwa linabaki. Mtoto akijua litabaki, hasemi. Na mtoto asiyesema hajifunzi lugha.

Sheria nazo zimeanza kuliona hili. Mkataba wa Haki za Mtoto, ambao Burundi iliuridhia mwaka 1990, unalinda faragha ya mtoto na ya nyumba yake katika ibara ya 16. Tanzania ilipitisha sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi mwaka 2022. Kenya imekwenda mbali zaidi: Septemba 2023 mamlaka ya ulinzi wa data iliitoza shule moja ya Uthiru, Nairobi, faini ya zaidi ya shilingi milioni nne na nusu kwa kuchapisha picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Zilikuwa picha tu. Video ya darasa inabeba uso, sauti, jina na ukuta wa nyumba.

Sasa nafanya hivi. Dakika 25 za mwanzo ni zangu: natangaza kwamba naanza kurekodi, na kinachoingia ni sauti yangu na ubao. Kisha nasema nimezima, na maswali yanaanza. Usiku nakaa peke yangu narekodi dakika tano za muhtasari wa yaliyoulizwa, bila jina la mtu, kwa ajili ya waliokuwa ziwani. Faili zinafutwa mtihani ukishapita. Programu nyingi zinamruhusu mwenye kikao kuwazuia wengine kurekodi, ila hakuna programu inayoweza kumzuia mtoto kutumia simu ya pili, kwa hiyo tumewekeana ahadi, nasi hukumbushana.

Fomu ya ridhaa pekee siiamini sana. Mzazi ambaye mwanawe hana mwalimu mwingine atatia sahihi chochote anachopewa.

Mzazi mmoja alinipinga kwa hoja nzito: rekodi kamili inamlinda mtoto dhidi ya mwalimu mwenye tabia mbaya. Ni kweli kwamba watoto wanahitaji ulinzi huo, na mzazi anayeudai asionekane msumbufu. Lakini rekodi iliyo mikononi mwa mwalimu huyohuyo inamlinda nani? Anaweza kuifuta kabla hamjaiomba. Tumekubaliana mtu mzima wa pili awepo kwenye kila kipindi, mzazi au mwalimu mwingine, kwa zamu, na mwaliko wa darasa ubaki wazi kwa kila mzazi. Mama anayeanika ndagala anaweza kusikiliza huku kazi yake ikiendelea.

Jumamosi ya tano baada ya mkasa ule, niliposema nimezima, kulipita kimya kifupi, kisha maikrofoni moja ikafunguka. Alikuwa yeye. Alitaka kujua kwa nini neno knife linaanza na k wakati haitamkwi. Nilimwambia kwamba zamani ilitamkwa. Akauliza, "Zamani lini, Mwalimu?" Tukakaa dakika kumi kwenye herufi moja. Usiku, kwenye muhtasari, nilisema tu kwamba kuna aliyeuliza kuhusu k ya knife.