Umeandika ya leo, mashini inaendesha ya jana

Wandugu wanafunzi, na ninyi mliokwisha kumaliza, leo nawaletea jambo dogo lililonikula usiku mzima.

Nilikuwa G3, TFC ikikaribia kuisha. Programu yangu, niliyoandika kwa lugha ya C, ilikuwa ya kuhesabu pesa za likelemba. Watu 12 wanachanga, lakini jumla inatoka ya watu 11. Nikatafuta, nikaona kosa: alama moja tu. Nikasahihisha, nikapiga make. Ikajibu kwamba hakuna cha kufanya. Nikaendesha programu: watu 11 tena. Nikabadilisha mahali pengine, na pengine tena. Watu 11! Kufika saa tisa ya usiku, nilikuwa nimeharibu mistari mitatu iliyokuwa mizuri.

Asubuhi yaya mmoja aliyetutangulia akaniuliza: «Mdogo wangu, saa ya mashini yako iko sawa?» Tukaangalia: Januari 2009. Umeme ulikuwa umekatika jioni ile, na betri ndogo inayochunga saa ilikufa zamani.

Saa inaingia wapi? Make haisomi ulichoandika. Inalinganisha tarehe tu: ya faili ya .c unayoandika, na ya faili ya .o inayotoka kisha kukompile. Kama .c ni mpya kuliko .o, inakompile tena. Kama sivyo, inaacha. Faili yangu ya .o ilikuwa ya mchana, na mwaka wake wa kweli. Masahihisho ya usiku yakaandikwa 2009. Kwa make, hayo yalikuwa mambo ya zamani. Kumbe ilinitolea hata onyo kwamba kuna faili yenye tarehe ya mbele. Sikulisoma.

Ajabu ni kwamba make ilizaliwa kwa shida hii hii. Stuart Feldman aliiandika mwaka 1976 kule Bell Labs, Marekani. Mwenzake Steve Johnson alikuwa amepoteza asubuhi nzima akitafuta kosa alilokwisha kusahihisha; faili tu haikukompilewa upya.

Mtego wa pili hauhitaji saa mbovu. Umebadilisha faili ya .h, lakini Makefile haiitaji. Faili moja ya .c inakompilewa na umbo jipya la data, nyingine inabaki na lile la zamani. Programu inatoa namba za ajabu, ao inakufa katikati. Dawa: ongeza -MMD kwa gcc. Itaandika yenyewe, ndani ya faili za .d, kila .c inategemea .h gani. Kisha weka mstari huu mwisho wa Makefile: -include *.d

Basi, mbele ya kugusa mistari yako mizuri, fanya mambo matatu. Piga date, uangalie saa. Piga make clean, kisha make. Badilisha neno moja katika ujumbe ambao programu inaonyesha ikianza: kama neno jipya halitokei, unachoendesha si ulichoandika.

Mimi, kisha kurekebisha saa, ilibaki kurudisha ile mistari mitatu, mmoja mmoja. Njo jumla ikatoka ya watu 12. Sahihisho langu la kwanza lilikuwa sawa tangu jioni.