Je, Wajua? Ng'ombe Naye Hupata Kichaa cha Mbwa

Ng'ombe wa maziwa akidondosha udenda, akashindwa kumeza na akalia kwa sauti iliyokwaruza, mfugaji anaweza kudhani amekabwa na kiazi au parachichi, akamtia mkono kooni. Tafadhali usifanye hivyo! Kama aliumwa na mbwa mwenye kichaa, mate hayo yanaweza kuwa na virusi, na mchubuko mdogo kidoleni unatosha kuvipitisha. Mwite kwanza daktari wa mifugo.

Kenya ilithibitisha ugonjwa huu mwaka 1912, kwa mbwa, karibu na Nairobi. Virusi vyake vina ndugu pia: mwaka 2009 kirusi cha jamii hiyo kilipatikana kwa popo wa pango la Shimoni, pwani, kikapewa jina la mahali hapo.

Dalili zikishamtokea mtu, kupona ni nadra mno. Kabla ya hapo kinga ipo. Ukiumwa, au ukilambwa penye kidonda, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo ukachanjwe. Na mbwa wako, hata anayefungwa kutwa, mpeleke achanjwe kila mwaka.