Akili, huruma na kisu cha ngariba

Kisarawe na Kibaha ni katika makazi ya asili ya Wazaramo, na malezi yao ya zamani yanagusa swali lililowahangaisha wanafalsafa kwa karne nyingi: je, akili na huruma vinaweza kukaa pamoja ndani ya mtu bila yeye kwanza kupitishwa kwenye mateso?

Jandoni jibu lilikuwa kwamba haviwezi. Wavulana walikaa kumbini mbali na nyumbani, wakatahiriwa kwa kisu cha ngariba bila ganzi, na kulia kulikuwa aibu. Humo walifundishwa adabu, mambo ya ndoa na heshima kwa wakubwa, mengi kwa nyimbo na mafumbo. Maumivu yalihesabiwa kuwa ndiyo yanayopigilia mafunzo hayo moyoni.

Msichana alipitia njia nyingine. Akishavunja ungo aliwekwa ndani, zamani kwa miezi mingi, pengine zaidi ya mwaka. Mwali huyo alipewa mwana hiti, kinyago kidogo cha mti kisicho na mikono wala miguu, chenye nywele zilizochongwa mafungu mawili kichwani. Alikipaka mafuta, akakitengeneza nywele, akakitunza kama mtoto wake. Marja-Liisa Swantz, mtafiti kutoka Finland, alizieleza mila za Wazaramo kwa kina katika kitabu kilichotoka mwaka 1970. Kufungiwa kulikuwa na machungu yake, hilo halifichiki. Lakini sehemu iliyomzoeza mwali kulea, yaani kinyago na mafumbo ya kungwi aliyemfunza, haikumuumiza mtu.

Kwamba akili inahitaji hisia, tiba imeonyesha wazi. Mwaka 1994 daktari Antonio Damasio aliandika kuhusu wagonjwa walioumia sehemu ya mbele ya ubongo. Walifaulu majaribio ya akili, ila hisia zao zilikuwa zimefifia, na kuamua kukawashinda. Mmoja wao alitumia karibu nusu saa kupima sababu za kuchagua kati ya siku mbili za miadi.

Je, hisia nazo zinahitaji maumivu? Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Mwaka 2006 Nicolas Danziger na wenzake, nchini Ufaransa, walichapisha utafiti kuhusu watu waliozaliwa bila uwezo wa kuhisi maumivu mwilini. Wakisimuliwa ajali tu, waliyapima maumivu ya wengine kuwa madogo kuliko yalivyo. Wakiona uso wa anayeumia, waliyatambua karibu sawa na watu wengine, hasa wale wenye huruma zaidi. Mateso basi yanaweza kumfungua mtu macho, lakini si mlango pekee. Wengine, mateso hayohayo huwafanya wagumu.

Makazi hayo ya Wazaramo nayo yamebadilika. Shirika la Elimu Kibaha, lililoanza mwaka 1963 kama mradi wa Tanganyika na nchi za Nordiki, lilileta pamoja shule, huduma za afya na mafunzo ya wakulima. Siku hizi wavulana wengi hutahiriwa hospitalini kwa ganzi, na mwali anayesoma huwekwa ndani kwa muda mfupi, mara nyingi wakati wa likizo. Wazee wanaosema kuna kitu kimepotea wana hoja, ila kilichopotea si maumivu. Kumbi lilimpa kijana majuma kadhaa ya kukaa na watu wazima wakimfunza. Hospitali humrudisha nyumbani siku hiyohiyo, na mafunzo hayo sasa yanabaki mikononi mwa wazazi.