Kutetemeka, kutikisika, kujitikisa: maneno ya usukani uliochachamaa

Sentensi «Usukani unatetemeka» haina kosa la kisarufi, na hakuna msemaji wa Kiswahili asiyeielewa. Hata hivyo, ikitamkwa mlangoni mwa gereji inaweza kuipeleka kazi mahali pasipostahili. Fundi anayeisikia hudhani kwamba magurudumu hayana uwiano wa uzito, huyabalansi, hulipwa, na gari huondoka. Siku mbili baadaye dereva hupiga shimo dogo akiwa kwenye kilomita 80 kwa saa, na sehemu yote ya mbele ya gari huanza kurushwa kushoto na kulia kwa nguvu zinazoushinda mkono wa mtu mzima. Alikuwa ameeleza hali hiyohiyo tangu mwanzo, ila kwa kitenzi kisichoifaa.

Kasoro hii huyapata zaidi magari yanayosukumwa na magurudumu yote manne ambayo ekseli yake ya mbele ni kipande kimoja kigumu toka gurudumu hadi gurudumu. Hivyo ndivyo zilivyoundwa Land Rover Defender za zamani, Suzuki Jimny, na Toyota Land Cruiser za mfululizo wa 70, magari ambayo Afrika Mashariki huyajua kwa miradi ya maji, zahanati za vijijini na safari za mbugani. Wamarekani, wenye Jeep na pikapu zao kubwa za muundo huohuo, wameipa hali hii jina ambalo tafsiri yake sisisi ni «mtikisiko wa kifo». Jina hilo linatisha bila kueleza chochote. Anayetafsiri mwongozo wa matengenezo anahitaji jina linaloeleza.

Kiswahili kina vitenzi vya kutosha kwa kazi hiyo. «Kutetemeka» ni kusogea kudogo, kwa haraka, kunakojirudia: mtu mwenye homa hutetemeka, sauti ya mwenye hofu hutetemeka. «Kutikisika» ni kusogea kukubwa zaidi, ambako jicho huona kitu kikitoka mahali pake na kurudi. «Kuyumba» ni kwenda upande kwa taratibu, kama chombo kwenye mawimbi; gari linaloyumba barabarani linahitaji kusahihishwa na dereva kila mara, lakini usukani wenyewe umetulia mikononi mwake. Msomaji anaweza kupinga kwa kutaja tetemeko la ardhi, ambalo si dogo hata kidogo. Pingamizi hilo ni la haki, lakini hata hapo kinachosikika katika neno ni wepesi wa mrudio. Tofauti inayopendekezwa hapa ni ya matumizi ya kitaalamu, nayo ina faida, kwa sababu vitenzi hivi vitatu vinaelekea kwenye kasoro tatu zisizofanana.

Jambo la maana zaidi limo katika mnyambuliko. Kutokana na mzizi tikis- tunapata «tikiswa», «tikisika» na «jitikisa». Kauli ya kutendwa inadai mtenda hata asipotajwa: gurudumu linatikiswa na kitu. Kauli ya kutendeka haijali mtenda. Kirejeshi -ji- kinasema kwamba mtenda na mtendwa ni mmoja. Wahandisi hutofautisha aina mbili za mitikisiko kwa mstari huohuo, na sarufi ya Kiswahili inawapa istilahi ambazo hawahitaji kuziazima.

Gurudumu lisilo na uwiano wa uzito linatikiswa. Upande wake mzito hulivuta mara moja kila linapozunguka, na mwendo wa mtikisiko hufuata mwendo wa mzunguko. Tairi lenye kipenyo cha sentimita 80 lina mzingo wa takriban mita 2.5, gari likienda kilomita 90 kwa saa, yaani mita 25 kila sekunde, gurudumu huzunguka mara 10 kwa sekunde na usukani hutetemeka mara 10. Kasoro hiyo huja katika mwendo fulani, aghalabu hupungua mwendo huo ukipitwa, na hurudi kesho katika mwendo uleule. Haihitaji shimo.

Ekseli iliyochachamaa, kwa upande mwingine, inajitikisa. Shimo, tuta au kiungo cha daraja huipa msukumo wa kwanza tu. Magurudumu hugeuka kidogo upande mmoja. Tairi linalobingirika huyarudisha. Kwa kuwa kuna kiungo kilicholegea, hupita katikati na kugeukia upande wa pili, na kila mzunguko wa kwenda na kurudi huchota nguvu nyingine kutoka katika mwendo wa gari lenyewe. Ndiyo maana shimo huachwa nyuma na mtikisiko ukabaki. Hukoma pale tu gari linapopunguza mwendo kiasi cha kutoweza kuulisha. Dereva aliyekumbwa nao hushauriwa kuushika usukani imara bila kushindana nao, kuachia mafuta, na kupunguza mwendo polepole bila kukata kona. Istilahi «mtikisiko wa kujichochea» inafaa hapa kuliko «mtetemo mkali», kwa kuwa tatizo haliko katika ukali.

Kutokana na tofauti hiyo, swali ambalo fundi anapaswa kumuuliza dereva ni la wakati na sharti. «Gari likifika 80 usukani hutetemeka» na «gari likipiga shimo usukani hutikisika hata baada ya shimo kupita» ni sentensi zinazotenganishwa na sharti lililobebwa na -ki-. Ya kwanza inaelekeza kwenye matairi na uwiano wake. Ya pili inaelekeza kwenye viungo vya ekseli na usukani. Mwanafunzi wa tafsiri anayeruka kishazi cha sharti, akidhani ni pambo la maelezo, anafuta nusu ya utambuzi.

Kitenzi «kucheza» kina hatari ya peke yake. Tunasema jino linacheza, nati inacheza, mguu wa meza unacheza: maana yake ni kulegea na kupata nafasi ya kusogea. Lakini «usukani unacheza» husikika pia kwa maana ya usukani unaotikisika. Hivyo neno moja linataja chanzo na matokeo, na ripoti ya gereji huweza kusema kwamba usukani unacheza kwa sababu unacheza. (Kiingereza hakina cha kujivunia hapa: jina lake la kiufundi la mtikisiko huu, «shimmy», limetoka kwenye dansi.) Katika maandishi ni heri kutumia «kulegea» kwa chanzo na «kutikisika» kwa matokeo, na kuliacha «kucheza» katika mazungumzo, ambako mkono wa msemaji humalizia maana.

Mtego mkubwa zaidi unawangoja wafasiri katika majina ya vipuri. Ekseli ya mbele yenye springi za koili huzuiwa isihame kushoto wala kulia na fimbo iliyofungwa upande mmoja kwenye chesisi na upande wa pili kwenye ekseli. Jina lake, fimbo ya Panhard, linatokana na kampuni ya magari ya Ufaransa. Boliti zake zikilegea, au bushi zake zikilika, ekseli hupata nafasi ya kuhama, na kwa hiyo ni miongoni mwa vitu vya kwanza kukaguliwa. Wamarekani huiita «track bar». Waingereza nao wana «track rod», lakini hiyo ni fimbo nyingine kabisa, ile inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia ili yageuke pamoja, ambayo mafundi wetu huiita tairodi. Mfasiri anayeona «bar» na «rod» kuwa kitu kimoja humwambia fundi abadilishe tairodi nzima huku boliti iliyolegea ikibaki ilipo. Kamusi ya jumla haiwezi kumwokoa, mchoro unaweza. Atazame fimbo imefungwa wapi kabla ya kuipa jina.

Ukaguzi wenyewe hauhitaji mitambo. Gari likiwa limesimama juu ya magurudumu yake na injini ikiunguruma, mtu mmoja huugeuza usukani kidogo kushoto na kulia, mwenzake akishika kila kiungo kwa zamu: ncha zote mbili za fimbo ya Panhard, tairodi, fimbo itokayo kwenye boksi la usukani, na boliti za boksi hilo. Kiungo kizima huenda pamoja na fimbo. Kilicholegea huchelewa, na kidole huhisi kabla jicho halijaona. Shokapu ya usukani hukaguliwa pia, ila kwa tahadhari. Mpya na kali inaweza kuunyamazisha mtikisiko kwa miezi, na viungo vikaendelea kulika kimyakimya. Mwongozo ukisema shokapu hiyo hupunguza mtikisiko, mfasiri asiandike kwamba huondoa chanzo chake. Gari lililoinuliwa kwa springi ndefu lina jambo jingine: ekseli huweza kugeuka kidogo, na mwegamo wa kingipini kuelekea nyuma, ambao husaidia magurudumu kurudi katikati, hupungua.

Kisha gurudumu huinuliwa kwa jeki, gari likikalishwa juu ya stendi, na hapa ndipo saa ya Waswahili huingia. Miongozo ya Kiingereza huagiza gurudumu lishikwe kwenye «12» na «6», kisha kwenye «9» na «3», kwa mfano wa uso wa saa. Mishale inapokuwa juu kwenye 12, Mswahili husema saa sita. Mshale ukielekea chini kwenye 6, husema saa kumi na mbili. Kwa bahati, jozi hizi huvumilia kosa: anayesoma «saa kumi na mbili na saa sita» hushika juu na chini vilevile, ingawa kwa kupinduka, na ndivyo ilivyo kwa saa tatu na saa tisa. Lakini agizo la alama moja, kama vile kuweka chaki kwenye «12», litamfanya fundi mmoja achore juu na mwingine chini. Afadhali kuandika «juu na chini», «mbele na nyuma». Gurudumu likisukumwa juu na chini na kuonekana limelegea, msaidizi hukanyaga breki: ulegevu ukitoweka, beringi za gurudumu ndizo za kushughulikiwa; ukibaki, kasoro iko kwenye kingipini au boljointi, kulingana na aina ya gari.